Umeme mdogo kwa ticha aliyechoka: jinsi ya kutumia mashine ya TENS na klipu za masikio bila kujiumiza

Walimu ninaowapokea fizio, yaani tiba ya viungo, hapa Dodoma wanafanana sana, awe anatoka Nkuhungu, awe wa Chamwino au amekuja na basi la asubuhi kutoka Kongwa. Shingo imekaza, mabega yamepanda juu, kichwa kinabana kuanzia kisogoni kuja mbele kila ikifika jioni, usingizi unakatika saa tisa usiku na hapo hapo akili inaanza kuhesabu madaftari ambayo hayajasahihishwa, ada ya mtoto, marejesho ya kausha damu. Kwenye mkoba unakuta diklofenaki, vidonge vya maumivu, anazomeza kila siku mpaka tumbo limeanza kuwaka moto. Kwahiyo mtu akiniuliza kama kuna kitu cha kumsaidia ambacho sio kidonge namwelewa kabisa, na jibu ni kwamba kipo, kuna mashine ndogo za umeme zinazotuliza maumivu na nyingine zinalenga wasiwasi na usingizi, ila zina namna yake ya kutumia na wengi wanauziwa tu bila kuelekezwa.

Kwanza tuondoe hofu. Ukitaja stresi na umeme kwa pamoja, mtu wa Dodoma akili inakimbilia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na kupigwa shoti ya kichwa. Ile ni tiba nyingine kabisa, ni ya hospitali, mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi, inatumika kwa sonona kali na magonjwa mengine mazito ya akili na inafanywa na timu ya madaktari. Hizi ninazozungumzia mimi zinatumia betri, upo macho unaongea, unachosikia ni mtekenyo kwenye ngozi na nyingine hata huo husikii. Na wazo lenyewe ni la kale sana, kuna tabibu wa Roma wa karne ya 1 anaitwa Scribonius Largus aliandika kuhusu kumwekea mgonjwa wa kichwa samaki hai mwenye umeme. Sisi tuna betri na pedi.

Mashine zenyewe ziko za aina kadhaa na hapa ndo watu wanachanganya. Ya kwanza ni TENS, ina waya na pedi za kubandika kwenye ngozi, inapeleka umeme wa kiwango cha miliampia kwenye mishipa ya fahamu ili kupunguza maumivu. Ya pili inaitwa EMS, kwa macho inafanana na TENS ila kazi yake ni kukaza na kulegeza misuli, tunaitumia kwa misuli iliyodhoofika, na mashine nyingi madukani zina zote mbili ndani yake kwahiyo uangalie umewasha ipi. Ya tatu ni ya klipu za masikio, kifupi chake CES, umeme wake ni mdogo zaidi, wa mikroampia, yaani sehemu ya elfu ya miliampia, na hiyo inalenga wasiwasi na usingizi. Halafu kuna zile za ndara za umeme na za kushika mkononi ambazo muuzaji anakuambia zinaponya kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume kwa mpigo. Mashine inayoponya kila kitu usiinunue, hata kama jirani yako amekuapia.

Kwa ticha wa kawaida ninayemuona, TENS ndo ya kuanzia, kwasababu stresi ya mwalimu inakaa mwilini. Mtu amesimama kutwa, mkono uko juu ubaoni, anapaza sauti mbele ya watoto zaidi ya 100 wakati mwongozo unasema 45 kwa mwalimu mmoja, akikaa ni kuinamia madaftari kwenye meza fupi, na mwili ukiwa na wasiwasi misuli ya mabega haiachii. Maumivu yanakata usingizi, kukosa usingizi kunaongeza maumivu, kesho yake hasira ziko karibu. Ukiweza kukata huo mzunguko sehemu moja tu mtu anapata nafasi ya kupumua, na sehemu rahisi kuishika ni misuli.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama geti linaloamua taarifa gani ya maumivu ipande kwenda kwenye ubongo. Fikiria geti la shule muda wa kuingia asubuhi, wanafunzi wakijazana pale kwa pamoja yule mkorofi anashindwa kupenya haraka. Mtekenyo wa TENS unajaza lile geti na maumivu yanakosa njia. Ukiweka mapigo ya polepole na yenye nguvu, mwili unatoa pia kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Inasaidia kweli? Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi mkubwa uliojumlisha tafiti 381 za TENS na ulionyesha kwamba maumivu yanapungua wakati mashine iko mwilini au mara tu baada ya kuitoa, na madhara yake ni madogo. Upande mwingine, NICE, ile taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, mwaka 2016 iliwaambia madaktari wasiwape TENS wagonjwa wa mgongo wa chini kwasababu ushahidi haukutosha. Kwahiyo usitegemee tiba ya kudumu. Ni nafuu ya saa kadhaa bila kidonge, na ukiitumia hiyo nafuu vizuri, kunyoosha misuli, kutembea, kulala, ndo unaona faida yenyewe.

Kabla ya mashine, pima presha. Nasema hivi kwa msisitizo kwasababu kichwa cha jioni na shingo nzito watu wengi wanakipa jina la stresi kumbe presha iko juu muda mrefu. Pima na sukari, angalia macho kama unaona ubao vizuri, na kama una homa nenda kapime malaria kwanza. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkono wa kushoto au kupanda taya, kichwa kilichokuja ghafla kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, mkono au mguu kuishiwa nguvu, mdomo kwenda upande, shingo ngumu pamoja na homa, hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usibandike chochote.

Wapo pia ambao hawatakiwi kutumia kabisa mpaka daktari aseme. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichowekwa mwilini, huyo asiguse. Mwenye kifafa, na huyu hata klipu za masikio asijaribu mwenyewe. Mjamzito asibandike tumboni, kiunoni wala mgongoni. Mwenye saratani asibandike eneo lile, na mwenye mguu uliovimba na kuuma upande mmoja aende kuangaliwa kwanza kama damu imeganda. Mwenye kisukari ambaye ngozi imekufa ganzi anaweza kuungua bila kusikia, kwahiyo sehemu yenye ganzi hapana.

Kwenye kununua, nenda duka la vifaa tiba, sio anayepita na begi ofisini kwenu siku ya mshahara. TMDA ndo wanaosimamia vifaa tiba nchini, muulize muuzaji usajili wa kifaa, na kama anakasirika ukiuliza ondoka. Tafuta yenye njia mbili, yaani waya mbili na pedi nne, yenye namba zinazoonekana za kasi ya mapigo, upana wa pigo (muda ambao kila pigo linakaa) na nguvu, kuliko ile yenye picha za watu wanachuliwa tu bila namba. Iwe inatumia betri. Kama ni ya kuchaji, usiibandike mwilini huku imechomekwa ukutani, hata kama umeme wa luku umerudi sasa hivi na una haraka. Nunua na pedi za akiba siku hiyo hiyo maana ndo zinazoisha.

Haya tuje kwenye kubandika, na hapa usikimbie maana robo tatu ya walioniambia mashine haifanyi kazi walikuwa wamebandika vibaya. Oga au osha mabega kwa sabuni, suuza, kausha kabisa. Mafuta ya mgando yanazuia pedi isishike, na dawa ya kuchua ndo mbaya zaidi, ngozi iliyopakwa dawa ya moto halafu ukaweka umeme juu yake inababuka. Mashine iwe imezimwa. Bandua pedi kwa kushika ukingo wake, usivute waya. Sasa inamisha kichwa kidogo, pitisha mkono kati ya shingo na ncha ya bega, utakuta ule msuli mgumu unaouma ukiubonyeza, wengi wanaujua vizuri kwa vidole vyao. Pedi moja weka hapo juu ya msuli upande wa nyuma, ya pili ishushe mgongoni kati ya uti wa mgongo na bapa la bega, zikiwa zimeachana angalau vidole vitatu. Fanya hivyo hivyo upande wa pili kwa waya wa pili. Usibandike juu ya mfupa wa uti wenyewe. Mwombe mwenzako akusaidie maana peke yako utabandika kwa kubahatisha.

Kuna sehemu za mwiko na hizi zishike kichwani. Mbele ya shingo na pembeni ya koo hapana kabisa, kuna mshipa mkubwa wa damu na mishipa inayoongoza mapigo ya moyo, presha inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Kifuani hapana, na pedi moja mbele nyingine mgongoni umeme ukapita katikati ya kifua hapana vile vile. Macho, mdomo, kwenye kidonda, kwenye jipu hapana. Kichwani usibandike pedi za TENS hata kama kichwa ndo kinachouma. Kipo kifaa maalumu cha kipandauso kinachowekwa kwenye paji la uso, Marekani walikiruhusu mwaka 2014, ila hicho kimetengenezwa kwa kazi hiyo na pedi zako za bega haziwezi kukaimu. Kile kichwa cha kubana cha mwalimu mara nyingi kinatokea shingoni, ukilegeza misuli ya mabega na chini ya kisogo nacho kinashuka.

Ukishabandika washa na anza na kasi ya mapigo kati ya 80 na 100 kwa sekunde, kwenye mashine imeandikwa Hz, yaani hezi, na upana wa pigo karibu mikrosekunde 200. Nguvu ianze sifuri. Panda taratibu, utasikia kama wadudu wanatembea, endelea mpaka mtekenyo uwe mkali ila haukuumizi na misuli hairuki. Wengi wanaishia pale wanapoanza kusikia kidogo wakaogopa, halafu wanasema haina kazi. Mtekenyo dhaifu hausaidii, nguvu yenyewe ndo dozi. Baada ya dakika tano kumi mwili unazoea na unahisi umepotea, ongeza kidogo tena. Kaa nayo dakika 30 mpaka 45. Ukihisi kuchomwa kama sindano sehemu moja, zima, angalia pedi kama imebanduka ukingoni au imekauka.

TENS inafanya vizuri zaidi maumivu yanapokuja na mjongeo, kwahiyo huna haja ya kulala chali. Iweke unaposahihisha madaftari, mashine mfukoni au kwenye mkanda, zungusha mabega, geuza shingo kulia kushoto polepole, inuka kila baada ya muda. Usiitumie ukiwa unaendesha bodaboda au gari, usilale usingizi nayo, usiingie nayo bafuni. Na darasani sishauri, mtoto akikushtukia akavuta waya ni shida.

Siku nyingine badilisha, weka mapigo ya polepole, hezi 2 mpaka 4, hapo nguvu inapandishwa mpaka uone msuli unaruka kidogo kidogo, dakika 20 zinatosha. Kubadilisha hivi kunasaidia kwasababu mwili ukipewa kitu kile kile kila siku unazoea na nafuu inapungua. Jambo lingine ambalo watu hawaambiwi ni kahawa. Kuna utafiti mdogo wa mwaka 1995 ulioonyesha kafeini inapunguza nafuu ya TENS, na mwalimu wa zamu anayekunywa vikombe vitatu vya kahawa kabla ya mchana anaweza kuwa anajipunja hapo, jaribu siku bila kahawa ulinganishe.

Linganisha kwa maandishi. Chukua daftari, kila ukitumia andika maumivu kabla kwa namba 0 mpaka 10, andika baada, andika nafuu ilikaa mpaka saa ngapi, na asubuhi andika ulilalaje. Fanya wiki mbili. Kama namba hazishuki hata mbili, mashine haikufai au pedi zimekaa vibaya, nenda nayo kwa fizio pamoja na hilo daftari. Hospitali ya mkoa, ile tunayoiita General, na Benjamin Mkapa kule upande wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ni mahali pa kuanzia, nenda na kadi yako ya bima na uulize dirishani kabla ya kuandikiwa huduma.

Sasa klipu za masikio. Hizi nimeona walimu wanazisoma mtandaoni na kutaka kuagiza, hasa wale wa usingizi na moyo kwenda mbio kabla ya kuingia darasani. Klipu mbili zenye vipande vya sponji vilivyolowanishwa na maji yake maalumu zinabanwa kwenye ndewe za masikio, umeme unakuwa kati ya mikroampia 100 na 500 hivi, mara nyingi pigo moja kwa sekunde mbili, dakika 20 mpaka saa moja. Unapandisha mpaka usikie kizunguzungu kidogo kama uko kwenye mtumbwi, halafu unashusha mpaka kiishe, hapo ndo unaacha. Tumia mchana au jioni mapema, wapo wanaochangamka baada yake na kulala kukawa kugumu. Madhara yanayojulikana ni kizunguzungu, kichwa kuuma na ngozi ya sikio kuwasha, na mara nyingi yanaisha ukipunguza nguvu.

Ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa TENS na ni vizuri ujue kabla hujatoa hela. Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, mwaka 2019 iliziweka za wasiwasi na usingizi kwenye daraja la vifaa vya hatari ya kati na zinatolewa kwa cheti cha daktari, za sonona ikaziacha kwenye daraja la hatari ya juu. Uingereza NICE mwaka 2021 iliangalia kifaa kimoja kinaitwa Alpha-Stim AID kwa matatizo ya wasiwasi, ikasema kinatia matumaini ila utafiti mzuri hautoshi kukiingiza kwenye huduma za kila siku. Maoni yangu ni kwamba usikope kwa ajili ya hiki kifaa. Kama daktari wa afya ya akili amekiona kinakufaa na kinapatikana, sawa, fuata maelekezo yake, na usiache dawa zako za sonona au za wasiwasi ghafla eti umepata klipu. Na kuna vijana wanaunganisha betri na sponji wenyewe wanaweka kichwani kwa kufuata video, naomba sana msifanye, umeme usiopimwa unaunguza ngozi na kichwani hujui unachogusa.

Pale ambapo mashine zote hizi zinafika mwisho ni pale shida inapokuwa kazi yenyewe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza ule uchovu wa kuunguzwa na kazi kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa, halikuuweka kwenye kundi la magonjwa. Mwalimu mwenye vipindi vingi, zamu, kamati tatu na mafunzo ya Jumamosi hatalegezwa na pedi nne. Ongea na mwalimu mkuu au mkuu wa shule kabla ya msimu wa mitihani, Septemba kwa darasa la saba na Novemba kwa kidato cha nne, mgawane usahihishaji wa majaribio mapema. Pandisha meza kwa matofali ili usiiname. Ukiwa na mashine mwilini jaribu kupumua polepole, kama pumzi sita kwa dakika, toa pumzi ndefu kuliko unayovuta, hii haina gharama na inatuliza mapigo ya moyo. Na kama huoni maana ya kuamka, unalia bila sababu, unafikiria kufa, hapo mashine weka kabatini, mwambie mtu wako wa karibu leo hii, muende hospitali. Mirembe wana kliniki ya kuja na kurudi nyumbani, kwenda pale hakukupi jina lolote baya, unaonana na daktari na unarudi nyumbani kwako mtaa wa Kisasa jioni.

Mwisho ni utunzaji, maana vumbi la Dodoma na ule upepo wa Julai na Agosti vinaua pedi haraka sana. Ukimaliza zima kwanza, bandua taratibu, angalia ngozi, wekundu kidogo ni kawaida na unaondoka, malengelenge sio kawaida. Rudisha pedi kwenye plastiki yake upande ule ule, weka kwenye mfuko unaofungwa, ikianza kukauka dondoshea tone la maji safi kwa kidole na uache dakika chache. Ikishaacha kushika vizuri itupe, pedi inayoshika nusu inakusanya umeme sehemu ndogo na ndo inaunguza. Kama ofisi ya walimu mmechanga mkanunua mashine moja, hilo ni wazo zuri, ila pedi kila mtu awe na zake zimeandikwa jina, yule mwenye kifaa cha moyo, kifafa au mimba ajulikane asije akabandikwa kwa mapenzi tu, na waya ukichubuka mpaka shaba inaonekana, mashine iwekwe pembeni mpaka waya mpya upatikane.